Kabla hujanunua kopo la vitamini, fuata hatua hizi

Ni mfamasia hapa Mbeya mjini. Karibu kila siku mtu huegemea kaunta na kuniambia, "Dokta, naomba vitamini nzuri, mwili umechoka." Kabla sijashusha kopo, huwa namuuliza jana alikula nini. Nawe tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Andika unachokula kwa siku saba

Andika kila kitu, hata chai ya saa nne. Huku kwetu wengi hatulali njaa, lakini kushiba ni kitu kimoja na lishe ni kingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa, Njombe na Rukwa zinaongoza kwa udumavu wa watoto, na hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa soma karatasi yako. Kama maharage na mboga za majani zipo karibu kila siku, foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, unaipata. Dagaa wa kutafunwa na mifupa yake wanakupa kalsiamu. Parachichi la Rungwe ukilila na karoti au mchicha, mafuta yake yanausaidia mwili kufyonza vitamini A. Lakini kama wiki nzima hakuna nyama, samaki, yai wala maziwa, fikiria vitamini B12 kwanza, maana mimea haina.

Madini joto hayahitaji kidonge. Nunua chumvi iliyowekewa madini hayo, uifunike vizuri.

Hatua ya 2: Pima wingi wa damu

Usinunue dawa ya kuongeza damu kwa sababu ya uchovu tu. Uchovu unaweza kuletwa na kisukari, minyoo, au kukosa usingizi. Na kuna jambo la huku milimani: Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili hutengeneza damu zaidi. Kiwango kinachoitwa cha kawaida Dar es Salaam kinaweza kuwa pungufu kwako. Mwulize anayekupima kama amezingatia hilo.

Hatua ya 3: Geuza kopo, soma nyuma

Picha ya matunda mbele haikuambii kitu. Tafuta kiasi cha kila kirutubisho na asilimia ya mahitaji ya siku. Kwa matumizi ya kila siku, multivitamini yenye asilimia 100 au chini yake inatosha. Ile ya asilimia 1,000 sikuuzii bila sababu ya kitabibu. Vitamini A, D na madini chuma vikizidi hujilimbikiza mwilini.

Chuma ndicho kinachowachanganya wengi. Kidonge kimeandikwa ferasi salfeti mg 200, mtu anadhani anameza mg 200 za chuma. Chuma chenyewe humo ni kama mg 65. Kilichobaki ni kemikali inayokibeba. Linganisha chuma kwa chuma.

Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na nunua kwenye duka lenye kibali.

Hatua ya 4: Panga saa

Chai yetu ya Rungwe na Mufindi naipenda, ila haipatani na chuma. Meza chuma kwa maji, pamoja na chungwa ukilipata, na chai isubiri saa moja au mbili. Kalsiamu na maziwa vipe muda wake mwingine. Kama unatumia antibiotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini, mwambie mfamasia, kwani madini huishika dawa isifanye kazi. Choo kikiwa cheusi ukiwa unatumia vidonge vya chuma, usiogope.

Hatua ya 5: Hawa waulize kwanza

Mama mjamzito, tumia dawa za kliniki, zina chuma na asidi ya foliki. Usiongeze kopo la vitamini A juu yake. Anayepanga kubeba mimba aanze mapema maikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Mvuta sigara aepuke vidonge vya betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wenye ugonjwa wa figo, siko seli, wanaotumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na wanaotumia metformini (dawa ya kisukari) kwa muda mrefu, njooni na dawa zenu mkononi tuzitazame pamoja.

Kopo la vidonge vya chuma likifika nyumbani, lipandishe juu kabisa ya kabati. Vidonge vingi vina rangi ya pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Akivimeza, mkimbize hospitali hapo hapo, na kopo lako ulibebe.