Namna ya kuhimili safari ndefu ya farasi kwenye nyika za Mongolia (tukiwafuata wasafiri wa zamani kina Rubruck na Ibn Battuta)

Mi kazi yangu ni kufundisha watu kupanda farasi, na kila anayejiandaa kwenda Mongolia lazima aniulize kama atahitaji kujua kupiga shoti. Hapana ndugu yangu. Kule kinachomtoa mtu jasho ni masaa, yaani kukaa juu ya farasi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, halafu kesho tena, na keshokutwa tena. Na hili waliliandika wenyewe wale wasafiri wa zamani, ambao wengi wao hata hawakuwa wapanda farasi wa maana. Padri Giovanni da Pian del Carpine alitumwa na Papa Innocent IV mwaka 1245 akiwa ameshapita miaka 60 na mwili mnene, akatoka kwenye mto Volga tarehe 8 Aprili 1246 akafika kambi ya Khan, mfalme wa Wamongolia, tarehe 22 Julai, kwa farasi muda wote. Kwa hiyo usiniambie umri umekwenda.

Hatua ya 1: Andaa mapaja, mgongo utafuata

Kabla ya safari anza mazoezi ya kuchuchumaa nusu ukiwa umeegemea ukuta, magoti yamekunjwa, unakaa hapo mpaka mapaja yanatetemeka. Fanya hivyo kila siku, na kama kuna sehemu ya kukodi farasi karibu nenda ukakae juu yake masaa mawili matatu mfululizo, maana lisaa limoja la kuzungushwa uwanjani halikufundishi kitu. Carpine na mwenzake walifungwa miguu kwa vitambaa ili wahimili mwendo, na Marco Polo naye anasimulia kuwa wajumbe wa haraka wa Khan walikuwa wanajikaza tumbo, kifua na kichwa kwa mikanda kabla ya kuondoka. Sio ushamba huo. Mi mwenyewe nafunga kiuno mshipi mpana wa kitambaa, unasaidia sana viungo vya tumboni visichezecheze, na Wamongolia mpaka leo wanajifunga hivyohivyo juu ya joho lao.

Hatua ya 2: Nguo

Hapa wengi wanakosea kwa kuzidisha. Ibn Battuta, huyu huyu aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331, baadaye alizunguka nchi za Uzbeg Khan, mtawala wa Kimongolia, akakutana na baridi ya kaskazini, akavaa makoti matatu ya manyoya, suruali mbili, na viatu juu ya viatu, mpaka ikawa hawezi kupanda farasi mwenyewe, wenzake wanambeba kumweka juu! Anasema akitawadha kwa maji ya moto karibu na moto, maji yanaganda hapohapo. Sasa we unaenda Julai au Agosti, hali sio hiyo, ila usiku baridi ipo. Vaa suruali isiyo na mshono mnene ndani ya paja (jinzi hapana, zitakuchuna), buti zenye kisigino kidogo na soli isiyo na meno makubwa ili mguu usinase kwenye kikuku (kile cha tandiko unachotia mguu), na helmeti, hilo hatujadili.

Kitu kimoja watu hawakijui ni koti la mvua la plastiki. Usilivae wala kulivua ukiwa juu ya farasi. Hawa farasi wamekulia nyikani, kitu kinachopiga kelele na kupepea mgongoni kwao ni hatari tupu, atakutupa na kuondoka. Shuka, mpe mtu akushikie, vaa, panda.

Hatua ya 3: Mzigo

Mwaka 1253 padri William wa Rubruck alipofika Sudak kule Crimea alipewa achague: magari ya ng'ombe au farasi wa mizigo. Wafanyabiashara walishamshauri achukue magari, eti ataepuka kazi ya kupakua na kupakia kila siku, akasikiliza, na baadaye akajuta maana safari ilichukua karibu mara mbili ya muda. Somo ni kwamba mzigo ndio unaopanga mwendo wako. Beba kidogo. Kama ni farasi wa mizigo, gawa pande mbili uzito sawa, upime kwa kunyanyua huku na huku, kwa sababu upande mmoja ukizidi tandiko linahama na mgongo unachubuka. Vitu vigumu kama sufuria na kamera visigusane na mbavu.

Hatua ya 4: Kumjua farasi wako

Ni wadogo, mabegani wengi hawafiki hata sentimita 140, na mtu akiwaona anacheka. Acha kucheka. Carpine akiwa Kiev aliambiwa farasi wake wa Ulaya awaache palepale, akiwapeleka watakufa wote, kwa sababu hawajui kufukua theluji kutafuta majani na Wamongolia hawaweki nyasi kavu za akiba. Hawa wadogo wanajua.

Mfuate kwa upande wa kushoto, ongea ili ajue upo, usitokee nyuma. Panda kwa kushoto. Utaona ana kamba ndefu ya ziada mbali na hatamu, hiyo usiiachie wala usiifunge kwenye mwili wako, ishike mkononi pamoja na hatamu, kwamba ukianguka bado unaye farasi, na kule kumpoteza farasi ni kutembea kwa miguu mpaka hema linalofuata ambalo huenda halionekani. Hatamu zinashikwa mkono mmoja. Kumwambia aende unasema "chu!" kwa sauti ya kueleweka, ukisema kwa aibu hasogei.

Baada ya kama robo saa ya mwendo simama ukaze tena mikanda ya tumboni, maana mwanzo huwa wanajaza pumzi.

Hatua ya 5: Simama

Hii ndiyo hatua yenyewe na ningekuwa na muda wa kufundisha moja tu ningefundisha hii. Mwendo wa kule ni troti, ule wa katikati kati ya kutembea na kukimbia, na troti ya farasi mdogo ni fupifupi ya harakaharaka, ukikaa kitako utapondwa kama kisamvu kwenye kinu. Tandiko lao ni la mbao, limeinuka mbele na nyuma, na vikuku vimefupishwa, kwa makusudi, wanataka usimame. Kwa hiyo weka sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye kikuku, sio mguu mzima, kisigino chini, magoti yalegee, kiwiliwili mbele kidogo, kisha nyanyua makalio uyaache hewani na miguu ndiyo imeze mtikisiko. Usining'inie kwenye hatamu, unamuumiza mdomo. Ukichoka shika mbele ya tandiko au shika manyoya ya shingo, hakuna atakayekucheka.

Rubruck naye alikuwa mzito, kwa hiyo kila mara walimtafutia farasi mwenye nguvu, ila anaandika kuwa kama farasi ana mwendo mzuri au mbaya hakuthubutu kuuliza, akipewa anapanda, na kwa siku walikuwa wanakata umbali kama wa Paris mpaka Orléans, kilomita 100 na ushee. Waliweza kwa sababu ya kubadilisha farasi, mara mbili mara tatu kwa siku pale walipopatikana. Siku hizi vituo vile vya Khan vya kubadilishia farasi havipo, kwa hiyo wewe piga kilomita 25 mpaka 35, na muulize anayekupeleka kama kuna farasi wa akiba kabla hujalipa hela.

Hatua ya 6: Kula na kunywa

Utapewa maziwa ya farasi yaliyochachuka, yana kilevi kidogo, wasiotumia wajue mapema. Rubruck mara ya kwanza alitoka jasho kwa mshtuko lakini akayapenda, Ibn Battuta alionja akampasia mwenzake. Chagua upande wako. Maji ya kawaida ndiyo msisahau, upepo unakausha bila kujua.

Hatua ya 7: Jioni

Ukifika usimwachie farasi anywe na kula hapohapo akiwa na jasho. Wenyeji wanamfunga kwanza kwenye kamba asimame apoe, ndipo wanampeleka majini, baadaye wanamfunga miguu mitatu kwa kamba fupi ili alishe usiku bila kwenda mbali. We kazi yako ni kutoa tandiko na kupitisha kiganja mgongoni pole pole, pande zote za uti. Ukikuta pamevimba au pana joto kuliko kwingine, mwambie mwenyeji usiku huohuo, usisubiri asubuhi watu wakiwa wameshapanda, kwa sababu huyo kesho anatakiwa aende bila kupandwa na wewe utafutiwe mwingine.