Afisa wa mogeji anavyoisoma kadi yako ya mkopo

Tangu nistaafu, watu huniletea makaratasi yao hapa Buruburu kabla hawajayapeleka benki. Wanajua nilikaa miaka mingi Upper Hill nikipitia maombi ya mikopo ya nyumba, yaani mogeji. Karibu kila mmoja huanza vivyo hivyo: "Mama, mimi sijalistiwa CRB, kwa hivyo niko sawa, sivyo?" Sivyo. CRB ni shirika linaloweka rekodi za madeni yako na unavyoyalipa, na kutolistiwa huko kama mtu aliyeshindwa kulipa kunakufikisha mlangoni tu. Ukishaingia, afisa anataka kujua unavyoishi na deni ukiwa na amani, wakati hakuna anayekudai kwa simu, na hakuna mahali hilo linaonekana wazi kuliko kwenye kadi ya mkopo. Mkopo wa kawaida una tarehe na kiasi kilichopangwa na benki. Kadi inapangwa na wewe mwenyewe, kila mwezi.

Kwa hivyo anza kwa kuona kile afisa atakachokiona. Kenya tuna mashirika matatu ya CRB yaliyopewa leseni na Benki Kuu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako mara moja bila malipo. Ya Metropol unaweza kuanza kuitafuta kwa simu, *433#. Chukua ya mashirika yote matatu, usitosheke na moja, kwa sababu hujui benki yako itasoma ya nani. Ukipata alama ya Metropol, inayoanzia 200 hadi 900, usiishie hapo. Shuka chini kwenye orodha ya akaunti. Utaona kila kadi, limiti yake (kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa), deni lililopo na siku ulizochelewa. Benki hutuma taarifa hizi kila mwezi, nzuri na mbaya.

Katika orodha hiyo tafuta kwanza kadi uliyoisahau. Nimeliona jambo hili mara nyingi kuliko wizi wa kadi. Mtu alifanya kazi kampuni fulani, benki ikaja ofisini na meza yake na kalamu za bure, akapewa kadi. Akahama kazi, kadi ikabaki kwenye droo. Hajawahi kuinunulia hata sukari, lakini ada ya mwaka inakatwa, riba inapanda juu ya ada, na siku 90 zikipita bila malipo hilo ni deni mbovu kama deni lingine lolote. Ukililipa leo, alama ya kwamba uliwahi kushindwa kulipa hukaa kwenye rekodi miaka mitano baada ya malipo. Ukikuta kadi ya namna hiyo, lipa, omba ifungwe kwa maandishi, udai barua ya kuthibitisha, kisha baada ya mwezi mmoja au miwili tazama ripoti tena uone kama imeandikwa imefungwa. Usiamini neno la mtu wa kaunta. Sina ubaya naye, ila yeye hatakuwepo ukiulizwa.

Sasa hesabu, na hapa nakuomba utulie. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na kwa kawaida benki hupima kwa mshahara wa msingi: ni lazima ubaki na theluthi moja. Tuseme msingi wako ni shilingi 120,000 na huna marupurupu. Baada ya kodi ya mapato (PAYE), bima ya afya (SHIF), akiba ya uzeeni (NSSF) na ushuru wa nyumba unabaki na kama 84,000. Toa theluthi ya ule msingi, yaani 40,000, ambayo haiguswi. Zilizobaki, 44,000, ndizo za kubeba madeni yako yote.

Unataka milioni 4 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 9.5, kama zile za chini ya asilimia 10 zinazotokana na fedha za KMRC, kampuni inayozikopesha benki na sacco pesa za mikopo ya nyumba, utalipa takriban 37,285 kwa mwezi. Inaingia, na chenji inabaki. (Kwa asilimia 14 ingekuwa 49,741, na hapo hatuna haja ya kuzungumzia kadi kabisa.) Sasa weka kadi yenye deni la 80,000 ambayo malipo ya chini ya kila mwezi ni asilimia 10 ya deni. Afisa anaandika 8,000 kwenye safu ya madeni. Nafasi yako imeshuka hadi 36,000. Milioni 4 haiingii tena, umekosa kwa shilingi elfu moja na ushee.

Watu huangalia zile 80,000 na kusema ni pesa ndogo kando ya bei ya nyumba. Ni kweli, lakini afisa haangalii 80,000, anaangalia 8,000 za kila mwezi. Na kwa riba hiyo na miaka hiyo, 8,000 kwa mwezi ndiyo inayobeba zaidi ya shilingi 850,000 za mkopo wa nyumba. Yaani televisheni na tiketi za kwenda Mombasa Disemba zimekula chumba kimoja cha kulala kule Syokimau.

Usiseme "nitalipa nikishapata mkopo." Lipa kabla ya kuomba. Kama huna pesa taslimu na una sacco, piga hesabu hii: mkopo wa sacco wa 80,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, miezi 36, ni takriban 2,657 kila mwezi. Unaiondoa 8,000 kwenye safu, unaweka 2,657, na ile 37,285 inaingia tena. Riba nayo inashuka, kwa kuwa kadi nyingi hutoza mara tatu ya hiyo au zaidi kwa mwezi. Nimewashauri wengi hivi, kwa sharti moja: kadi ikishalipwa, limiti ipunguzwe siku hiyo hiyo. La sivyo baada ya miezi minne una sacco na kadi vyote viwili, na wadhamini wako wa sacco wanakuangalia vibaya kanisani.

Hilo la limiti lina upande mwingine. Baadhi ya maafisa, nami nilikuwa mmoja wao, huhesabu kadi hata ikiwa tupu, kwa sababu kesho unaweza kuijaza bila kumwuliza mtu. Kadi ya limiti 500,000 kwa mtu wa mshahara wa 120,000 ilinifanya nivue miwani. Muulize afisa wako waziwazi anavyohesabu, kisha ishushe limiti mpaka kiasi unachokitumia kweli. Kadi ya zamani yenye historia safi usiifunge. Ipunguze tu. Hizo nyingine mbili tatu zifunge.

Halafu kuna tabia ambazo hazionekani kwenye jumla ya deni lakini zinasomeka. Kulipa kiwango cha chini mwezi baada ya mwezi ni mojawapo: hujachelewa hata mara moja, lakini afisa anaona deni halishuki. Mbaya zaidi ni kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM. Unatozwa ada papo hapo na riba inaanza siku hiyo hiyo, hakuna zile siku za bure unazopata ukinunua dukani. Mtu anayejua hivyo na bado akatoa, tena tarehe 19 ya mwezi, anamwambia afisa kwamba mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nikiona mbili za namna hiyo, nafungua taarifa ya M-Pesa nikitafuta Fuliza, ule mkopo wa salio likiisha, na kampuni za kubeti. Kwa kawaida nilizikuta.

Jambo dogo ambalo wachache wanalijua ni kwamba kadi ina tarehe mbili. Kuna siku ya kufunga hesabu na kuna siku ya mwisho ya kulipa, na kinachotumwa CRB kinaweza kuwa deni la siku ya kufunga hesabu. Ukinunua shopping ya mwezi mzima kwa kadi ya limiti 100,000 na kulipa yote tarehe ya mwisho, wewe ni mlipaji mzuri, lakini ripoti inaweza kuonyesha 90,000 kila mwezi. Katika miezi ya kujiandaa, lipa siku chache kabla hesabu haijafungwa. Halitakugharimu chochote.

Jipe miezi sita, mwaka ukiweza, kwa sababu taarifa za benki utakazoombwa ni za miezi sita hadi kumi na miwili. Katika kipindi hicho usiombe kadi mpya wala usitume maombi ya mogeji benki nne kwa mpigo. Kila ombi linaacha alama CRB, na afisa wa nne ataona wenzake watatu walikuchungulia. Omba ushauri kwingi, peleka fomu kwa mmoja. Kama mnaomba na mwenzio, kadi zake nazo zinaingia mezani, basi zungumzeni nyumbani kabla hamjazungumza mbele ya mgeni.

Malipo ya kwanza ya nyumba yasitoke kwenye kadi, hata kidogo. Afisa atauliza pesa zilitoka wapi. Pia kumbuka kutenga ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa nyumba za mjini, pamoja na ada za wakili na mthamini. Hapo ndipo watu wenye akiba nzuri hukwama na kukimbilia kadi dakika ya mwisho.

Na barua ya ofa si pesa. Kati ya siku unayoitia sahihi na siku muuzaji anapolipwa kuna wakili, kuna Ardhisasa (mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni), kuna rehani kusajiliwa, na wiki zinapita. Benki inaweza kuvuta ripoti yako ya CRB upya kabla ya kutoa fedha. Wiki hizo ndizo watu hupita Ngong Road kuangalia makochi. Angalia, piga picha, uliza bei. Kadi iache nyumbani mpaka wakili akupigie simu kwamba muuzaji amelipwa.