Jinsi ya Kutengeneza Mbega wa Boksi Anayerusha Mikono na Miguu

Kwa kichezeo hiki nampendekeza mbega wa misitu ya Kilimanjaro, kwa kuwa rangi zake ni nyeusi na nyeupe tu, na mkia wake mweupe hutengenezeka vizuri kwa nyuzi za katani zilizochambuliwa. Boksi kavu lisilo na mikunjo halikosekani katika maduka ya soko la Mbuyuni, mjini Moshi.

Chora kiwiliwili na kichwa kwa pamoja, urefu sentimita 18 na upana sentimita 8, kisha mikono miwili na miguu miwili ya sentimita 10. Mawimbi yaliyo ndani ya boksi yafuate urefu wa kiungo, la sivyo mkono utajikunja uzi unapouvuta. Usihangaike kuchora kidole gumba, kwani mbega hana. Paka masizi yaliyokorogwa katika uji mwepesi wa ngano, uyaache yakauke kabisa.

Kazi yote inategemea matundu. Kwa shazia, toboa kila kiungo mara mbili: tundu la egemeo liwe sentimita 2 kutoka ncha ya juu, na la kuvutia liwe sentimita 1 juu yake. Matundu hayo yakikaribiana mno, kuvuta kutahitaji nguvu nyingi hata boksi lichanike. Yakiachana sana, mkono utasogea kidogo tu. Fungia viungo nyuma ya kiwiliwili, mabegani na nyongani, kwa uzi wa kushonea viatu uliopita kwenye egemeo na kupigwa fundo pande zote mbili, ukiacha ulegevu kidogo ili kiungo kizunguke.

Sasa mlaze mbega kifudifudi, viungo vyote vikielekea chini. Unganisha matundu ya kuvutia ya mikono kwa uzi mmoja ulionyooka bila kukazwa, na ya miguu vivyo hivyo. Ukifunga viungo vikiwa vimeinuliwa, kosa ambalo nimeliona mara nyingi, mbega atabaki ameinua mikono daima. Funga uzi mrefu katikati ya uzi wa mikono, uushushe hadi katikati ya ule wa miguu, upige fundo, kisha uuache uning'inie sentimita 15. Kipande kilicho kati ya mafundo hayo mawili kikilegea, miguu itapanda na mikono itachelewa.

Gundisha mkia, toboa kichwani tundu la kumtundikia, kisha vuta taratibu. Kiungo kisichorudi chini chenyewe kibandikiwe kipande cha boksi nyuma ya kiganja au unyayo ili kiongezeke uzito.