Kabla ya theluji: kuchagua rimu na matairi ya baridi kwa Golf R

Huku München kuna kauli ya kukumbushana: toka Oktoba hadi Pasaka. Kwa Kijerumani maneno yote mawili yanaanza na herufi O, kwa hiyo hata mtoto anajua matairi ya baridi yanafungwa lini na kufunguliwa lini. Mimi nakusihi urudi nyuma mwezi mmoja, uanze Septemba. Wakati huo gereji zina nafasi, saizi zote zipo dukani na una muda wa kupima. Ukisubiri asubuhi ya kwanza ya kukwangua barafu kwenye kioo, utachukua kilichobaki, na kwa gari lenye nguvu kilichobaki aghalabu hakifai.

Ninayoendesha ni Volkswagen Golf R ya kizazi cha saba, nguvu farasi 300, inavuta kwa magurudumu yote manne. Hapo ndipo wenye gari kama hili wanapojidanganya. Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama na kukata kona kunategemea mpira, na kila tairi linagusa lami kwa eneo la ukubwa wa kiganja hivi. Gari la kawaida likianza kuteleza kwenye theluji linakuonya mapema, ungali mlangoni kwako. Golf R inaondoka kana kwamba hakuna kitu, kisha unaukuta utelezi kwenye mteremko wa kwanza, mguu ukiwa juu ya breki.

Kwa hiyo anza na rimu, tairi lifuate. Wengi wanafanya kinyume: wananunua matairi yaliyosifiwa, halafu wanayavisha rimu zilezile za inchi 19 za kiangazi. Tairi la 235/35 R19, yaani upana wa milimita 235, ubavu asilimia 35 ya upana huo na rimu ya inchi 19, lina ubavu wa sentimita 8 tu. Baridi inapasua lami, mashimo yanafunikwa na maji ya theluji, na ubavu mwembamba hivyo hauna cha kuikinga rimu. Ukishuka hadi 225/45 R17 unapata sentimita 10, tairi lenyewe ni rahisi kwa bei, na kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu sawa na kile cha 225/40 R18: milimita 634 dhidi ya 637. Kipimo cha spidi hakitakudanganya.

Kinachokuzuia kushuka zaidi ni breki. Diski za mbele za Golf R zina kipenyo cha milimita 340, kwa hiyo inchi 16 sahau. Hata inchi 17 si lazima iingie. Mwaka fulani nilinunua seti ya mtumba, rimu nzuri kabisa, inchi 17, matundu matano kwenye duara la milimita 112 kama inavyotakiwa. Nikapiga jeki uani, nikafunga gurudumu la mbele kushoto, nikalizungusha kwa mkono. Likaenda robo mzunguko, likakwama. Nilipolivua nikaona upande wa ndani wa spoki mstari mwembamba unaong'aa, rangi imekwanguliwa hadi chuma. Kipenyo kilikuwa sawa. Umbo la spoki ndilo lililogonga kibano cha breki. Tangu hapo sinunui rimu bila kuijaribisha kwenye gari, au angalau bila karatasi ya mtengenezaji inayolitaja gari langu kwa aina yake. Wenye breki za seramiki wawe waangalifu zaidi, maana diski zao mara nyingi ni kubwa kuliko za chuma za gari hilohilo.

Geuza rimu utazame mgongo wake. Utaona upana, herufi ET yenye namba, na kwa zile zenye kibali cha Ujerumani, namba ya KBA, mamlaka ya magari ya huku. ET inaeleza gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani. Ikiwa ndogo mno, tairi litatokeza nje ya bodi. Ikiwa kubwa mno, litakaribia shokamzoba. Tundu la kati la Golf ni milimita 57.1. Rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa zaidi na huja na pete ya plastiki ya kuziba nafasi. Pete ikikosekana, usukani utatetemeka, na utamlipa fundi asawazishe magurudumu bila faida.

Boliti zinastahili kuangaliwa kwa macho yako mwenyewe. Za asili za Volkswagen zina shingo iliyoviringana kama gololi. Rimu nyingi zisizo za kiwandani zinataka shingo iliyochongoka kama pia. Zote ni M14, yaani unene wa milimita 14, na zote zinaingia kwenye uzi bila shida, ndiyo hatari yake: unakaza hadi mwisho ukadhani mambo yako sawa, kumbe shingo imegusa ukingo mmoja tu, na safarini inaanza kulegea. Shika boliti mkono mmoja, rimu mkono mwingine, linganisha shimo na shingo.

Rimu zilizosagwa zikang'arishwa uso usizipeleke kwenye chumvi. Barabara za Bavaria zinamwagwa chumvi msimu mzima, nayo ikipata mkwaruzo mmoja inapenya chini ya vanishi na kutambaa kama nyuzi nyeupe. Chagua zilizopakwa rangi uso wote.

Sasa tairi. Mpira wa kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama hakuna theluji. Wanaotumia matairi ya mbio yanayoruhusiwa barabarani wakumbuke kwamba mpira ule kwenye baridi kali unaweza kupasuka hata kwa kulisogeza gari uani. Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini, na meno yake yamechanjwa michirizi midogo mingi inayouma theluji.

Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tangu Oktoba 2024, sheria ya Ujerumani hailihesabu tairi lenye alama ya M+S (matope na theluji) peke yake kuwa la baridi. Ukikutwa kwenye barafu au theluji bila matairi halali, faini inaanzia euro 60 pamoja na pointi moja kwenye leseni. Kina cha meno kisheria ni milimita 1.6, lakini kwenye theluji hicho ni kipara. Austria wanadai milimita 4 kati ya Novemba 1 na Aprili 15 hali ya barabara ikiwa ya baridi, nami nafuata kipimo chao hata nisipovuka mpaka.

Usivutwe na matairi laini ya Skandinavia kwa kuwa tu yanasifiwa kwenye barafu, na yale ya misumari yamepigwa marufuku hapa. Siku nyingi za baridi München ni lami iliyolowa, na kwenye barabara kuu gari hili litakimbia. Matairi ya jamii ya Michelin Pilot Alpin au Continental WinterContact ya magari ya kasi yametengenezwa kwa hali hiyo. Herufi V mwishoni mwa saizi ya tairi inaruhusu kilomita 240 kwa saa. Gari linafika 250, kwa hiyo utabandika kistika cha 240 mbele ya macho ya dereva. Sheria inaruhusu. Na usome tarakimu nne ubavuni: 3624 maana yake wiki ya 36 ya mwaka 2024. Kwa seti ya mtumba zisome kwenye matairi yote manne, na meno upime yote manne, kwa sababu mfumo wa kuvuta kotekote hautaki matairi yaliyopishana kimo.

Golf R za Ulaya za kizazi hiki zinakadiria upepo kwa kutumia sensa za ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki, kwa hiyo baada ya kubadilisha unajaza upepo na kuhifadhi upya kwenye mfumo. Magari yenye sensa ndani ya gurudumu yanahitaji seti ya pili ya sensa, na ununue za Ulaya za megahezi 433. Za Marekani ni 315, hazisomeki. Upepo hushuka takriban bar 0.1 kila joto linaposhuka nyuzi 10, basi upime asubuhi gari likiwa limepoa.

Siku ya kufunga, futa kutu kwenye habu, pale gurudumu linapokaa, kwa brashi ya waya, kaza kwa spana ya kupimia hadi newton-mita 120, uende kama kilomita 50, kisha ukaze tena kwa kipimo hichohicho. Yale ya kiangazi yaandike kwa chaki kabla ya kuyapeleka stoo: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Ufunguo wa boliti za kuzuia wizi urudishe ndani ya gari, usiuache kwenye benchi la gereji.