Akina mama kwenye kamati ya amani: kutoka kuhesabiwa hadi kuandika mapatano

Chukua kitabu cha kumbukumbu cha kamati ya amani katika kaunti za wafugaji kaskazini mwa Kenya, fungua vikao vitatu vya mwisho, uhesabu mambo mawili. Kwanza, majina ya wanawake kwenye orodha ya waliohudhuria. Pili, maazimio yaliyotokana na hoja ya mwanamke. Hesabu ya kwanza mara nyingi inaridhisha. Ya pili mara nyingi ni sifuri. Mwongozo huu unahusu hiyo ya pili, na ni wa waratibu wa amani, machifu, viongozi wa vikundi vya akina mama na wafanyakazi wa mashirika walioko nyanjani.

Wangapi, na akina nani

Katiba ya 2010, kifungu cha 27(8), inataka wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kwa kamati ya watu 15, maana yake ni wanawake 5 kwenda juu. Shikilia tano. Mwanamke mmoja kati ya wanaume 14 huishia kupewa dua ya kufungua kikao na usimamizi wa chai. Wakiwa wawili, kila mmoja kutoka jamii yake, hulazimika kusemea upande wake. Wakikubaliana hadharani wanaitwa wasaliti. Wakifika watano, anayetoa hoja hupata wa kumuunga mkono, na mmoja akihama na mifugo wakati wa kiangazi sauti haipotei.

Uteuzi wa chifu ni wa haraka, lakini jina la kwanza huwa la mke wa mzee au la mama aliyezoea warsha. Ni afadhali akina mama wa kila jamii wakutane peke yao, wachague kwa punje za mahindi: kila anayependekezwa anageuka na kuupa umati mgongo, kibuyu kikiwa nyuma yake, na kila mpiga kura anadondosha punje moja. Haihitaji kusoma wala kuandika. Chifu apelekewe matokeo yakiwa tayari.

Angalieni mchanganyiko: muuza maziwa, mkunga, mjane aliyepoteza mtu kwenye mapigano, binti aliyemaliza kidato cha nne ambaye ataandika kumbukumbu. Muhimu kuliko wote ni yule aliyezaliwa upande huu akaolewa upande wa pili. Ana kaka zake huku na wanawe kule. Anaweza kuvuka na ujumbe wakati mwanaume angepigwa risasi njiani. Lakini vita vikiwaka ndiye wa kwanza kushukiwa na pande zote, kwa hiyo asitumwe peke yake, na ujumbe anaobeba ujulikane na wazee wa pande zote mbili kabla hajaondoka.

Wazee kwanza, na kitu mkononi

Usianze na maneno ya haki za wanawake mbele ya wazee, hata kama ni ya kweli. Anza na mifugo iliyoibwa, shule iliyofungwa, kisima kisichofikika. Nenda mara mbili: mara ya kwanza kusikiliza tu, ya pili na ombi, ukiongozana na mzee anayeheshimika, na penye Waislamu wengi, imamu au shehe aliyekubali mapema.

Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ilionyesha mpangilio unaofaa. Mapigano ya koo yalipokuwa yakiua watu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha wanawake, akiwemo mpatanishi marehemu Dekha Ibrahim Abdi, hakikuanza kwa kudai viti. Walianza sokoni, ambako muuzaji na mnunuzi wa koo hasimu walikuwa wameanza kukataana. Wakakubaliana soko liwe wazi kwa kila ukoo, wakaweka watu wa kuangalia na kusuluhisha ugomvi papo hapo. Walipowafuata wazee, tayari walikuwa na jambo linalofanya kazi. Mapatano ya Al-Fatah, ya amani kati ya koo hizo, yakafikiwa mwaka 1993. Kwa hiyo kabla ya kuomba viti, tafuteni soko lenu: zamu ya kisima, njia ya watoto kwenda shule, zahanati inayotumiwa na pande mbili. Kitu kidogo ambacho mzee anaweza kukiona kwa macho.

Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Oktoba 2000 kuhusu wanawake, amani na usalama, na mpango wa taifa wa Kenya wa kulitekeleza, uliozinduliwa kwa mara ya kwanza 2016, vina kazi yake. Viwekeni kwenye barua za kwenda kwa kamishna wa kaunti na kwa wafadhili. Chini ya mti wa wazee havisaidii.

Kikao chenyewe

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa mambo yanayoonekana madogo.

Saa. Mama wa boma ana kukamua alfajiri na jioni, na maji katikati. Kikao cha saa 2 asubuhi kinamkosa, na cha saa 9 alasiri anakiacha nusu, nao uamuzi hupitishwa mwishoni. Saa 4 hadi saa 7 ndiyo nafasi yake, isiwe siku ya soko wala ya mgao wa chakula. Kiangazi kikikaza na punda wakaenda mbali, waulizeni upya.

Mahali. Mti wa wazee una mila zake, na katika jamii nyingi mwanamke hukaa pembeni au hasemi. Darasa la shule halina mwenyewe. Panga viti kwa duara, wanawake wasikae wote upande mmoja karibu na mlango.

Watoto. Lipeni walezi wawili wakae na watoto kivulini. Mama mwenye mtoto anayelia hutoka nje wakati hasa hoja yake inajadiliwa.

Lugha. Kiswahili cha ofisi huwaacha nje wanawake wengi wa boma. Mkalimani wa kiume aliyezoea hufupisha: mama anaongea dakika tatu, yeye anasema "anaunga mkono amani." Mtafute mkalimani mwanamke, na mtu wa pili anayejua lugha zote mbili akae akisikiliza kama kuna kilichoachwa.

Nauli na posho. Kiasi ni kilekile kwa mzee na kwa mama, na kwa mama kiende kwenye namba yake ya simu, si ya mumewe. Asiye na simu apewe mkononi, atie dole gumba. Posho ikizidi kiasi, mwezi unaofuata majina kwenye orodha yatabadilika, na mtashangaa kuona jamaa za wakubwa.

Siku moja kabla, wanawake watano wakutane kwa muda wa saa mbili. Wachague hoja tatu tu. Kila hoja iwe na msemaji na muungaji mkono aliyetajwa kwa jina, na ikiwezekana mzee mmoja aliyekwisha kuelezwa. Kwenye kikao, katibu asome maazimio kwa sauti kabla ya watu kutawanyika, akitaja nani alitoa hoja. Yakiachwa hadi "kumbukumbu zitaandikwa baadaye," hoja ya mama hugeuka kuwa ya mwenyekiti au hupotea kabisa.

Dalili wanazoziona mapema

Wanawake wanajua shambulizi linakuja kabla ya afisa yeyote. Vijana wananunua sukari na unga wa safari ndefu. Wachuuzi wa upande wa pili hawakuja sokoni wiki hii. Mifugo inasogezwa usiku. Nyimbo za arusini zimeanza kuwataja waliorudi na ng'ombe.

Na tusifichane: baadhi ya nyimbo hizo huimbwa na wanawake wenyewe. Kijana ambaye hajawahi kwenda uvamizi huchekwa na wasichana, na mama hujivunia mwana aliyeleta mifugo. Kwa Wapokot, mkanda wa mama, leketyo, huvaliwa kumlinda mwana aliye safarini. Mpango wa amani unaomchukulia kila mwanamke kuwa mpatanishi wa kuzaliwa utakwama hapo. Zungumzeni na waimbaji na mama wa morani. Wao wana uzito kuliko mabango mia.

Ripoti ya dalili iwe na mambo manne: nini, wapi, lini, na kama msemaji ameona mwenyewe, ameambiwa na aliyeona, au ni uvumi. Ipelekwe kwa watu wawili, chifu na mratibu, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na ndugu upande unaohusika. Mtoa habari apate jibu ndani ya siku moja, hata kama ni "tumepokea, polisi wameambiwa." Asipojibiwa mara mbili, hatapiga simu ya tatu.

Maneno ya mapatano

Soma mfano huu wa kifungu: "Jamii zote mbili zitatumia kisima kwa amani na upendo." Hakuna anayeweza kukivunja kifungu hiki, kwa sababu hakisemi kitu. Sasa huu: "Mitungi ya nyumbani itajazwa kwanza, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Mbuzi na ng'ombe saa 3 hadi saa 7. Ngamia saa 7 hadi saa 11. Hakuna mwenye bunduki atakayekaribia birika. Mwenye kuvunja zamu atatoa mbuzi mmoja, apewe aliyedhulumiwa, ndani ya siku 7. Wasimamizi ni wanne, wawili kila jamii, na kati ya kila wawili mmoja ni mwanamke." Saa ya mitungi huingia pale tu anayeteka maji anapokuwepo wakati wa kuandika. Wanaume husahau mtungi, si kwa ubaya, ila hawaubebi.

Kuna jambo moja ambalo mapatano hayaruhusiwi kuligusa. Ubakaji usifungwe kwa maslaha, yaani suluhu ya kimila kati ya wazee, wala kwa ngamia, wala kwa kumwoza msichana kwa aliyemdhuru. Kifungu cha 159(3) cha Katiba kinazuia njia za jadi zinazokiuka haki za binadamu, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaliweka kosa hili mikononi mwa mahakama. Andikeni wazi kwenye mapatano kwamba kesi hizi zinakwenda hospitali na polisi. Hospitali ni ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazianzishwi baada ya hapo. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, na nguo zibebwe kwenye mfuko wa karatasi. Fomu ya P3, ya polisi inayojazwa na mhudumu wa afya, ifuatiliwe na mwanachama mmoja mwanamke hadi ijazwe.

Angalieni dia pia, yaani fidia ya aliyeuawa. Kwa mila ya Wasomali, ya mwanaume ni ngamia 100 na ya mwanamke 50, na huenda kwa ukoo. Mjane anaweza asione hata mmoja. Ombeni iandikwe fungu la mjane na mayatima, ni wanyama wangapi na nani atawakabidhi.

Ardhi na bajeti

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawapa wanawake nguvu ambayo wengi hawaijui. Mkutano wa jamii ni watu wazima wote, na akidi ya uamuzi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo, ni theluthi mbili. Mahali ambapo wanawake ni karibu nusu ya watu wazima, wanaume peke yao hawafiki akidi. Mkutano huo ndio unaochagua kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15. Kabla ya kuhudhuria, wakubaliane majina yao. Wakienda kujaza akidi tu, watakuwa wameuza silaha yao bure.

Kwenye kaunti, tarehe ndizo zinazoamua. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi la uzio wa kisima lipelekwe Julai, kwa maandishi, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo kwenye mkutano wa hadhara hayana mhuri.

Hatari

Mwanamke asiombwe kamwe kutaja majina ya wavamizi kwenye baraza. Ayaseme faraghani, kwa mtu mmoja aliyekubaliwa. Picha za warsha zisiwekwe mtandaoni bila idhini ya kila aliyemo, na za wanawake waliovuka kupeleka ujumbe zisipigwe kabisa. Safari ziishe kabla ya magharibi. Kikundi kiwe na akiba yake: wanawake 30 wakichanga shilingi 50 kwa wiki ni 1,500, yaani 6,000 kwa wiki nne, na pesa hiyo isiguswe kwa jambo jingine. Ndiyo itakayomtoa mwenzao kijijini usiku akitishwa, bila kusubiri gari la mradi ambalo huenda muda wake umekwisha.