Somo: Tanki la maji chumvi la mtindo wa lagoni ukiwa Dodoma

Habari wadau. Maswali ya tanki la maji ya bahari yamekuwa mengi na wengi mnaouliza mko hukuhuku Dodoma, Singida, Iringa, kwa hiyo naweka somo lote sehemu moja kwa ajili yetu watu wa bara. Masomo mengi yameandikwa na watu ambao bahari wanaiona dirishani, sisi hatuko hivyo, kutoka hapa mpaka Dar ni karibu kilomita 450 na kitu ukikisahau ufukweni ndo basi tena.

Lagoni ni yale maji ya kina kifupi kati ya ufukwe na mwamba, maji yakipwa unatembea yanakufika magotini, chini mchanga mweupe, nyasi za bahari, mwani, vijiwe hapa na pale, konokono na visamaki vidogo vidogo. Mi ndo mtindo ninaoupenda kuliko yote sababu hauhitaji matumbawe hai hata kidogo. Kazi yote inafanywa na mchanga na majani, na mkikubali hilo mapema mtaokoa pesa na mtaiacha bahari salama.

Kabla ya kubeba chochote

Matumbawe hai hayaguswi, ni kosa kisheria na isitoshe yatakufa kabla hujafika Morogoro. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, pale hata gamba tupu la konokono unaliacha lilipo. Mikoko haikatwi. Mchanga wa ufukweni nao hauchotwi kiholela. Sehemu nyingine nenda kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya au ongea na BMU ya pale (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe), waeleze unataka nini na kiasi gani, wakuelekeze kibali. Usione aibu kuuliza, wavuvi wakijua unachofanya watakuonyesha vitu ambavyo peke yako usingeviona.

Tanki

Sentimita 120 kwa 60, urefu wa kwenda juu 40 tu. Lagoni ni pana na fupi, usishawishike na tanki refu. Mafundi wa aluminiamu na vioo wanalitengeneza vizuri, mwambie kioo cha milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile dawa inaua viumbe. Likae wiki nzima likauke kisha lijaze maji ya bomba ulipime kama linavuja. Meza iwe ya chuma ya kuchomelea na sakafu iwe sawa, tanki hili likijaa linafika kama kilo 350. Usiliweke dirishani.

Mchanga na mawe

Hapa ndo pa kutulia. Mchanga wa makorongo yetu umetokana na mawe ya granaiti, ni mzuri kwa kujengea ila kwa lagoni haufai, tunataka mchanga wa chokaa uliotokana na matumbawe na magamba. Kuupima ni rahisi, weka kijiko kimoja kwenye kisosi, kamulia limau, sogeza sikio karibu. Wa chokaa unachemka povu jeupe na unasikia kabisa ukilia chiii, wa korongo unakaa kimya.

Unahitaji kina cha sentimita 8, ambayo kwa tanki hili ni kama kilo 85, na kilo zote hizo usizitoe ufukweni. Nunua mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu upande wa Kunduchi na Boko, yale yanayojengewa nyumba, omba chengachenga zake, chekecha, osha mpaka maji yatoke meupe. Mawe mawili matatu makubwa kidogo yenye matundu chukua hapohapo. Kisha kutoka baharini, kwa kibali, beba kindoo kimoja tu cha mchanga hai wenye unyevu, huo ndo mbegu, una bakteria na vidudu ambavyo hakuna duka linauza. Usiuache juani wala usiujaze maji, ufunike na gazeti lililoloweshwa maji ya bahari, weka kwenye deli lakini bila barafu.

Maji

Tanki hili likishawekwa mchanga linabeba kama lita 190, beba madumu 12 ya lita 20 ili kuwe na akiba. Madumu yawe ya maji au mafuta ya kula, yasiwe yamebeba sabuni wala dawa. Chota maji yakiwa yanajaa, mbali na mdomo wa mto na mbali na bandari, na usichote siku za mvua kwa sababu mito inashusha matope na uchafu wa mji. Chuja kwa kitambaa safi kizito. Ukifika Dodoma kama hutayatumia kesho yake yaweke gizani wiki mbili, maana vijidudu vilivyomo vinakufa na kuoza, ukiyamwaga katikati ya hapo unaleta amonia, sumu inayotokana na uozo.

Sasa jambo lenyewe la Dodoma. Hewa yetu ni kavu na upepo hauishi, maji yanakauka haraka mno hasa kuanzia Juni mpaka Novemba. Yanayokauka ni maji, chumvi haiendi popote, kwa hiyo unajazia MAJI BARIDI, yaani yasiyo na chumvi, sio maji ya bahari. Tanki la 120 kwa 60 likishuka sentimita moja umepoteza lita 7 na kidogo, na chumvi iliyokuwa 35 kwa elfu (gramu 35 kwenye kilo moja ya maji) inapanda kuelekea 36 na nusu, ukizembea siku chache inaendelea kupanda na konokono wanaanza kujifungia. Piga mstari wa maka kwenye kioo ujazie kila asubuhi mpaka pale.

Maji ya kujazia yasiwe ya bomba. Maji yetu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, yana madini mengi, angalia tu kitako cha birika lako. Kuchemsha hakusaidii, kunaua wadudu ila madini yanabaki. Nunua yale yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayoondoa mpaka madini, kwenye maduka ya kujaza maji.

Vifaa

Pampu mbili ndogo za kusukuma maji zielekeane ili kuwe na mkondo, taa ya LED nyeupe yenye nguvu iwake masaa nane mpaka kumi kwa siku, hita ya wati 300 (Juni na Julai usiku Dodoma inashuka mpaka nyuzi 13 au 14 na sisi tunataka 25 mpaka 28), na rifraktomita ya kupimia chumvi. Usibane pesa kwenye rifraktomita.

Kupanga na kusubiri

Mchanga wa kununua chini, mawe yakae juu ya kioo chenyewe sio juu ya mchanga yasije yakazama, mchanga hai utandaze juu. Upande mmoja uwe na mwinuko kama ufukwe. Mimina maji polepole juu ya sahani ili usichimbue mchanga. Washa pampu na hita, tupia kipande cha kamba mmoja wa kula, ukiache kioze.

Kuanzia hapo unasubiri wiki nne mpaka sita. Kinachotokea ni kwamba uozo unatoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitrati ambayo mwani unaila. Siku ukipima maji ukakuta amonia na nitriti zote zinasoma sifuri na nitrati inaonekana, tanki limeiva. Sio kabla, hata maji yakiwa meupe kama ya chupa.

Kiumbe cha kwanza ni mwani. Nenda kwa kina mama wanaolima mwani Mlingotini kule Bagamoyo, nunua fungu bichi la aina ya spinosamu, ni mgumu kuliko aina ya kotonii ambao joto likizidi unageuka mweupe na kukatikakatika. Baadaye konokono wadogo wanaokwangua mawe na vikaa vinavyobeba gamba mgongoni. Samaki wawili wadogo, wa mwisho kabisa. Nyasi za bahari subiri miezi kadhaa mchanga ukomae, na usizing'oe, baada ya mawimbi makali utakuta vipande vyenye mizizi vimeelea, hivyo ndo vyako. Hata mbegu ya mkoko iliyoanguka yenyewe na kusukumwa ufukweni inaota pale kwenye mwinuko, majani yakiwa juu ya maji.

Kila wiki mbili toa lita 20 weka lita 20 za maji ya bahari uliyohifadhi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kisasa, Dodoma: Mkuu madumu 12 ni mzigo, kwani siwezi kuchanganya chumvi ya Uvinza na maji ya RO?

Hapana mkuu. Chumvi ya kula karibu yote ni sodiamu na kloraidi. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine, na hivyo vinatolewa au vinaachwa wakati wa kutengeneza chumvi. Mwani na konokono hawatadumu. Kuna chumvi maalum za akwariamu, zinafaa sana, ila bei yake linganisha na nauli ya mzigo.

Mdau wa Singida mjini: Sisi tuna Singidani na Kindai, maji ya chumvi yapo mlangoni, hayo je?

Swali zuri. Chumvi ya maziwa hayo ni ya magadi, mchanganyiko wake sio wa bahari kabisa, flamingo wanaishi vizuri pale lakini konokono wa bahari atakufa. Usijaribu hata kwa kuchanganya nusu kwa nusu.

Mdau wa Nkuhungu: Kile kipimo cha maji ya betri ya gari kinaweza kupima chumvi?

Hakiwezi. Kipimo cha betri kinaanzia 1.100 kwenda juu, maji ya bahari ni 1.025 hivi, hayafiki hata mstari wa kwanza.

Dada wa Area C: Watoto wangu wanataka kiti cha pweza, na je kuna vitu vya hatari tusivishike?

Dada, kiti cha pweza (yule kiumbe wa umbo la nyota) mwache baharini, kwenye tanki dogo anakosa chakula na anakufa taratibu. Jongoo bahari pia hapana, akifa anaweza kutoa sumu ikaua waliobaki. Hatari kubwa kwa watoto ni yule konokono mwenye gamba la umbo la pia ya kuchezea, zuri lenye madoadoa, ana mwiba wenye sumu na wapo wanaoweza kuua mtu mzima. Waambie gamba lolote la umbo hilo hawaliokoti, hata likionekana tupu. Na wavae viatu.

Mdau wa Nzuguni: Umeme ukikatika usiku mzima inakuwaje?

Kinachoua kwanza ni kukosa hewa sio baridi. Weka pampu ya hewa ya betri tayari imechajiwa. Kama huna, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu kila baada ya muda, na tanki lifunike na blanketi pembeni, juu uache wazi.

Mdau wa Kisasa tena: Nishaanza na maji ya Kigamboni, sasa wiki ya tatu mchanga wote umekuwa wa kahawia, nimwage?

Usimwage mkuu, hiyo ni diatomu, aina ya vimwani vidogo sana, kila tanki jipya linapitia hapo. Punguza taa iwake masaa sita kwa siku, usitie chakula chochote, usiuchokonoe mchanga. Ikipungua yenyewe ndo uende Mlingotini kufuata mwani.