Maonesho ya projekti za wanafunzi: msiyafungie shuleni, yapelekeni mwaloni

Kama shule yenu iko Mwanza na madogo wamehangaika na projekti zao mwaka mzima, tafadhali msizipange darasani halafu mkae kumsubiri mgeni rasmi mpaka saa nane watoto wanasinzia kwa njaa. Zipelekeni kwa wenye shida yenyewe. Ya kukausha dagaa iende Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, ya kuchuja maji hata pembeni ya stendi ya daladala inafaa.

Barua kwanza. Mtendaji wa kata, uongozi wa soko, na kama ni mwaloni BMU pia (kikundi kinachosimamia mwalo), msije mkafukuzwa na meza zenu kichwani. Wazazi nao waombeni ruhusa, na mwalimu mmoja siku hiyo kazi yake iwe moja tu, kuangalia mtoto asisogelee maji.

Muda: nendeni asubuhi ila subirini pilikapilika za kushusha mzigo zipungue, wakati mzigo unashushwa hakuna atakayekusikiliza hata uwe na spika. Mchana upepo wa ziwani unapeperusha manila zote, wekeeni mawe juu (mawe Mwanza nani anakosa).

Sasa mezani. Maneno punguzeni, watu washike. Kwa dagaa wekeni mafungu mawili, moja limeanikwa mchangani na lingine kwenye chanja iliyoinuliwa kutoka chini, mama atachukua mmoja mmoja, atavunja, anusie, atafune, akisikia mchanga kwenye meno hiyo chati yenu ya rangirangi hana haja nayo tena. Hapo ndo mtoto aeleze: chanja inapitisha hewa juu na chini, dagaa hawagusi mchanga.

Na aeleze kwa Kiswahili jamani! Tunawakaririsha insha ya Kiingereza, mteja anauliza swali moja tu mtoto anatoa macho. Wapeni mazoezi ya maswali magumu, hasa ya hela. Wa mkaa wa magugu maji lazima ataulizwa gunia moja la magugu linatoa mkaa kiasi gani, na magugu yale asilimia 90 na zaidi ni maji tupu, kwahiyo yakikauka kinabaki kidogo sana. Apime shuleni kabisa, aje na namba yake, na aseme ukweli hata kama inakatisha tamaa.

Wa chujio la mchanga, kokoto na mkaa asimpe mtu anywe!! Maji yanaonekana meupe lakini vijidudu vinaweza kubaki, lazima yachemshwe au yatiwe dawa. Andikeni hivyo kwa herufi kubwa mezani.

Mwanafunzi mmoja akae na daftari tu, kila anayelalamika au kushauri aandikwe, na anayetaka kujaribu chanja nyumbani aache namba ya simu. Wiki inayofuata mpigieni, akisema miguu ya chanja inayumba basi fom two wana kazi ya kufanya Jumatatu.